Bibi hahami Kivinje

Ukimwambia mtu wa Dar es Salaam kwamba kwenu ni Kilwa, atakuuliza kama umewahi kuyaona magofu. Ukimwambia mtu wa kusini, atakuuliza: Kilwa ipi? Kilwa ziko tatu. Kilwa Kisiwani ndiyo ya magofu na watalii, ambayo pamoja na Songo Mnara iliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981. Kilwa Masoko ndiyo makao makuu ya wilaya, yenye bandari, ofisi na benki. Ya tatu ni Kilwa Kivinje, ambayo basi la Lindi halifiki. Unashuka Nangurukuru, unajikung'uta vumbi, unatafuta bajaji. Huko ndiko anakoishi bibi yangu.

Mwaka jana Kivinje iligeuka hoja ya kikao cha ukoo wetu. Bibi, mzaa mama, ana miaka 76 kwa hesabu ya kitambulisho cha taifa, na zaidi kidogo kwa hesabu yake mwenyewe, kwani anasema alizaliwa mwaka wa njaa ambao hakuna aliyeuandika. Alikwenda hospitali kwa sababu ya kikohozi, akapimwa presha, ikasoma 182 kwa 104. Kikohozi kiliisha ndani ya wiki. Presha ikabaki, na simu zikaanza kupigwa.

Mjomba, mtoto wake wa kwanza, hakuzunguka. "Mama hawezi kukaa peke yake na presha. Nina nyumba, nina chumba, aje Dar." Mama yangu alinyamaza, ambayo kwake ni namna ya kukataa. Mama mdogo alisema bibi aulizwe kwanza. Kwa kuwa mimi ndiye ninayeandika habari za afya, na kwa kuwa katika ukoo wetu kuandika habari za afya na kuwa daktari huonekana ni kitu kimoja, nilipewa kazi: nichukue likizo, nikakae na bibi wiki mbili, nirudi na taarifa. Hii hapa ndiyo taarifa yenyewe. Naiandika kwenye ukurasa huu kwa sababu najua nyumba nyingi zina kikao kama chetu, na jina la mji tu ndilo linalobadilika.

Mji uliobaki na wagonjwa

Kivinje ulipanda katika karne ya 19, wakati Kisiwani kulikuwa kumeshafifia. Misafara ilitoka hadi Ziwa Nyasa ikileta pembe za ndovu na watu waliotekwa, ikaishia kwenye ufukwe huu, na majahazi yakapakia kwenda Unguja. Majumba ya mawe unayoyaona leo yakiota mizizi ukutani yalijengwa kwa fedha ya biashara hiyo, na wazee wa mji hawalifichi jambo hilo. Magonjwa nayo yalipita njia hiyohiyo ya bahari. Msafiri Mwingereza Richard Burton alipofika Kilwa mwanzoni mwa mwaka 1859 alikuta kipindupindu kikiua watu, na akaandika alichokiona.

Baadaye wakaja Wajerumani, wakajenga boma lao ufukweni. Novemba 1895 walimnyonga hapa Hassan bin Omari Makunganya, aliyeongoza upinzani dhidi yao, kwenye mwembe. Miaka kumi baadaye, mwaka 1905, Vita ya Maji Maji ililipuka katika milima ya Matumbi, ndani ya wilaya hiihii. Ule mwembe ukaitwa Mwembe Kinyonga, na mahali pale pana mnara wa kumbukumbu.

Hospitali ya wilaya iliyoko Kivinje nayo inaitwa Kinyonga. Mgeni akisikia jina hilo hudhani ni yule mnyama wa kubadili rangi. Wenyeji wanamwacha adhani hivyo mpaka amalize chai, ndipo wanamweleza.

Wakati wa Waingereza makao makuu yalihamia Masoko, kwenye maji yenye kina. Ofisi zikaondoka, maduka mengi yakafuata, boma likapoteza paa. Kama Kivinje ungekuwa mtu, ungesema amefiwa mara tatu: biashara, serikali, kisha vijana, ambao kila mwaka wanapanda basi kwenda Mbagala. Hospitali lakini ilibaki. Kwa hiyo watu wa Njinjo, wa Nanjirinji, wa Pande na wa visiwa vya Songosongo wanafika Kivinje siku wakiwa na uchungu wa kuzaa, homa kali au mzee aliyedondoka. Wanafika na ndoo, jamvi na sufuria, na wanahitaji pa kulala.

Hili ndilo jambo la kwanza nililoandika kwenye daftari langu. Mji huu umezoea mgonjwa. Jirani wa bibi wa upande wa kushoto anapangisha chumba kwa wanawake wajawazito wanaosubiri siku zao. Wa upande wa kulia anauza uji kwa wanaouguza. Kijana wa bodaboda wa kona anajua mlango wa wazazi uko wapi na mlango wa dharura uko wapi, na anajua ni mgonjwa gani wa kumbeba kwenye pikipiki na ni yupi wa kumwitia bajaji. Hakuna aliyewafundisha darasani. Wamejifunza kwa kuona.

Asubuhi moja na bibi

Bibi ananiita mke mwenzangu, kama bibi wengi wa pwani wanavyowaita wajukuu wao wa kike. Saa kumi na moja alfajiri mke mwenzangu huyo ananiamsha kwa kugonga fagio mlangoni. Anafagia uwanja, anamwagia maji mche wa mpapai, anakunywa chai, kisha anajifunga kanga na kushuka ufukweni kutazama mashua zilizorudi.

Nilikwenda naye kila siku. Siku ya tatu nikaamua kuhesabu. Kabla ya saa nne asubuhi simu yangu ilikuwa imesoma hatua 4,100, na watu 37 walikuwa wamemsalimu bibi kwa jina la mwanawe wa kwanza. Si salamu za kupungia mkono. Ni shikamoo, marahaba, umeamkaje, miguu inasemaje, wa Dar hawajambo, na huyu ndiye nani, mbona kakonda. Nilisimama kwenye jua nikisubiri zimalizike, na huku nikifikiri kwamba mtaani kwangu Dar nimekaa miaka mitatu, na ninaowajua kwa majina ni mwenye duka na mlinzi.

Mama muuza vitumbua alimuuliza bibi jambo moja zaidi: "Umeshameza kidonge?" Bibi akacheka, akasema ameshameza. Mama yule akanigeukia: "Usimwamini kila siku. Jumanne alisema ndiyo, kumbe bado."

Shirika la Afya Duniani liliunda tume ya kushughulikia upweke na mahusiano ya kijamii mwaka 2023, baada ya wataalamu kukubaliana kwamba mtu anayekaa bila watu wa kuzungumza nao yuko kwenye hatari zaidi ya magonjwa ya moyo, kiharusi na kupoteza kumbukumbu. Nimewahi kuiandika habari hiyo nikiwa ofisini, nikiwa na sauti za viyoyozi tu masikioni. Kule ufukweni nilimwona mzee mwenye presha akiulizwa kuhusu dawa na mtu asiyelipwa na yeyote kwa kazi hiyo.

Tatizo la bibi lilikuwa jikoni. Anapenda ng'onda, samaki wa kukaushwa kwa chumvi, na amemla tangu utotoni. Ushauri wa kitaalamu ni mtu mzima asizidishe gramu tano za chumvi kwa siku, sawa na kijiko kimoja kidogo cha chai, na kipande kimoja cha ng'onda kinaweza kula sehemu kubwa ya kipimo hicho. Sikumkataza. Mtu wa miaka 76 ukimkataza anachokipenda, atakila ukishaondoka. Tulikubaliana ng'onda iwe mara moja kwa wiki, ilowekwe usiku kucha, maji yamwagwe mara mbili, na chumvi nyingine isiongezwe kwenye mchuzi. Siku nyingine ni samaki mbichi kwa nazi, ndimu na pilipili. Alilalamika siku mbili. Siku ya tatu alisema ndimu za mwaka huu ni nzuri.

Wanachokijua na wasichokisema

Nisije nikawapambia mji. Kivinje wanajua kila kitu cha kila mtu, lakini si kila kitu wanakisema.

Kwenye baraza moja karibu na msikiti hukaa mzee ninayemwita babu, ingawa si wa damu yangu. Miaka mingi alivaa kanzu pana na hakwenda msibani, harusini wala sokoni, na watu walisema ana mshipa, kisha wakabadilisha mazungumzo. Alikuwa na busha. Pwani ya Lindi na Mtwara inaufahamu ugonjwa huu kuliko sehemu nyingi za nchi. Vijana wa bara wanautania, na ule uongo kwamba unaletwa na madafu bado ninausikia, hata kwa watu wenye shahada.

Madafu hayana kosa. Matende na mabusha huletwa na minyoo midogo inayosambazwa na mbu, na madhara yake huonekana miaka mingi baada ya mtu kuambukizwa. Tanzania ilianza kampeni ya kugawa kingatiba kwa jamii nzima mwaka 2000, ikianzia Mafia, ndiyo maana watu wa pwani wanavijua vile vidonge vya kumezwa mara moja kwa mwaka hata kama si mgonjwa. Busha lenyewe hutibiwa kwa upasuaji ambao si mkubwa. Babu yule alifanyiwa. Mkewe aliniambia, kwa sauti ya chini ingawa tulikuwa wawili tu, kwamba walikaa miaka tisa bila kulizungumza ndani ya chumba chao wenyewe. "Si ugonjwa uliotutesa, mwanangu," alisema. "Ni kunyamaza."

Siku hizi babu ndiye anayewasindikiza wanaume wengine hospitali. Anakwenda nao asubuhi mapema kabla mji haujaamka, wakipitia njia ya nyuma. Aibu ya mji wameiacha ilivyo, wao wanaizunguka tu.

Umbali

Sasa nifike kwenye hoja ya mjomba, ambayo ilikuwa na uzito wake na haikustahili kudharauliwa.

Kutoka Dar es Salaam hadi Nangurukuru ni kama kilomita 300. Kizazi cha mama yangu kinakumbuka kulala njiani kusubiri pantoni ya Ndundu ivuke Mto Rufiji. Daraja la Mkapa lilifunguliwa mwaka 2003, na leo ukiondoka Mbagala Rangi Tatu alfajiri, mchana unakula samaki wa Somanga. Lakini barabara ni moja. Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, mvua ilikata barabara hiyo maeneo ya Somanga, na kwa siku kadhaa watu wa kusini hawakuweza kupita. Mgonjwa wa Kivinje anayehitaji matibabu makubwa zaidi hupelekwa Lindi, Hospitali ya Sokoine, au Dar, Muhimbili. Njia zote mbili ni saa nyingi barabarani.

Kiharusi hakisubiri saa nyingi. Mdomo ukienda upande, mkono mmoja ukilegea ghafla, maneno yakianza kukoroga, kila dakika ina maana. Hilo nililiweka wazi kwenye taarifa yangu, kwa herufi kubwa. Akipatwa Kivinje, bibi atafika kwa daktari wa kwanza haraka kuliko angefika kwa foleni ya Mbagala, lakini kipimo cha picha ya ubongo kiko mbali sana naye. Hakuna salamu 37 zinazofupisha barabara.

Kuna upande mwingine wa hesabu. Miaka miwili iliyopita bibi alikaa kwa mjomba miezi miwili, alipofanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Mjomba na mkewe walimtunza kama yai. Asubuhi wote walikwenda kazini, watoto shule, geti likafungwa. Alibaki na dada wa kazi na televisheni. Aliacha kutembea kwa kuwa hakuwa na pa kwenda. Hakujua mwezi umeandama mpaka aambiwe. Siku moja aliniuliza, si kwa kulaumu, "Majirani wa huku hawafi? Mbona sijasikia hodi ya msiba?" Jicho lilipona. Alirudi Kivinje ameongezeka kilo nne, magoti yanauma, na kwa wiki nzima alilala mchana kama mgeni.

Mjomba aliniuliza kwenye kikao: "Kwa hiyo unachagua salamu kuliko hospitali kubwa?" Ni swali zuri, na sikutaka kulijibu kwa utani. Nilimwambia, "Mjomba, samahani, sichagui. Nahesabu." Presha haina dalili kwa wengi, na haitibiwi na ukubwa wa hospitali. Inatibiwa na kidonge kinachomezwa kila siku, chumvi iliyopunguzwa, mwili unaotembea na mtu wa kuuliza kama kidonge kimemezwa. Hivyo vinne, vitatu na nusu viko Kivinje tayari. Ile nusu ni kidonge chenyewe, ambacho siku nyingine kinakosekana na inabidi kununua duka la dawa. Nusu hiyo tunaweza kuijaza sisi.

Tulichokubaliana

Bibi aliulizwa mwisho, kama wazee wanavyoulizwa siku zote, ingawa mama mdogo alisema tangu mwanzo aulizwe kwanza. Tulimpigia simu ya sauti ya juu, kikao kizima kikisikiliza. Alianza kwa mzaha: "Hata umeme wenu huo wa Dar mnawasha kwa gesi ya Songosongo. Kwetu ndiyo mnataka nikuhame?" Kisha akasema neno ambalo mjomba alilinyamazia muda mrefu. "Mwanangu, mimi siogopi kufa. Naogopa kufa mahali ambapo atakayeniosha ataniuliza jina."

Hatujapata jibu lisilo na hatari. Tumechagua hatari moja tukaacha nyingine, na tumegawana kazi ili iliyobaki ipungue. Mjomba alinunua mashine ya kupimia presha ya mkono. Binti wa jirani, aliyemaliza kidato cha nne, anampima bibi Jumatatu na Alhamisi, baada ya bibi kukaa ametulia dakika tano, na anatutumia namba kwenye kundi letu la WhatsApp. Kwa kazi hiyo tunampa kitu kidogo kila mwezi, maana wema wa jirani nao huchoka. Mama anatuma dawa ya miezi miwili kwa basi, ili isikatike hata barabara ikikatika. Mama mdogo ana akiba ya dharura kwenye simu yake ambayo haiguswi hata kwa harusi. Kijana wa bodaboda na mwenye bajaji wana namba zetu, nasi tuna zao. Kaya ilikata kadi ya CHF iliyoboreshwa, na bibi mwenyewe anajua kwamba Sera ya Taifa ya Wazee tangu 2003 inampa mzee asiye na uwezo haki ya kutibiwa bila malipo. Nami, kila baada ya miezi mitatu, nashuka Nangurukuru.

Tumeweka pia mpaka. Presha ikivuka kiwango alichotuandikia daktari kwa vipimo viwili mfululizo, au bibi akianguka, au akianza kusahau kama amekula, kikao kinarudi na chumba cha mjomba kipo. Bibi mwenyewe ameukubali mpaka huo. Alisema mashua haikatai nanga.

Namba za wiki iliyopita zilikuwa 146 kwa 86 na 141 kwa 84. Lengo la wengi ni chini ya 140 kwa 90, kwa hiyo hatujafika, lakini tunashuka.

Kama nyumbani kwenu mna mzee katika mji mdogo na mnabishana juu ya kumhamisha, msianze na swali la chumba. Kaeni naye siku chache muandike: nani anamwona kila siku, anatembea kiasi gani, anakula nini, dawa yake inatoka wapi, na usiku wa manane ni nani anayeamka akiitwa. Halafu andikeni majibu ya maswali hayohayo kwa nyumba mnayotaka kumpeleka. Wapo wazee ambao orodha hiyo itaonyesha wazi kwamba hawawezi kubaki, na kuwaacha ni kuwatupa. Wapo pia ambao kumhamisha mmoja wao ni kumnyima dawa ambayo hakuna duka linaloiuza.

Alhamisi iliyopita ujumbe wa binti wa jirani ulichelewa. Nilipiga simu, bibi akapokea mwenyewe. Alikuwa msibani, mtaa wa pili, akisaidia kupepeta mchele. Mashine ameibeba kwenye kikapu, kwa kuwa wanawake wengine watano walitaka kupimwa. Wawili kati yao presha ilikuwa juu, na hawakuwa wanajua. Asubuhi yake bibi aliwapeleka Kinyonga, kwa miguu.